Ghala la Vitabu Vinavyoanika Nguo

Jumatatu, 3 Machi

Kwa masikitiko makubwa, uongozi wa nyumba hii, yaani mimi, unatangaza kifo cha ndoo nyekundu, kilichotokea leo asubuhi ikiwa kazini chini ya tundu la paa la ukumbini. Marehemu alipasuka kitako bila kuaga. Ameacha beseni moja, sufuria mbili na tundu lenyewe, ambalo mpaka naandika haya halijaonyesha dalili yoyote ya majonzi. Mvua zimeanza.

Nimemwomba Afisa, msimamizi wangu kutoka wizarani, ndoo nyingine. Akasema niandike barua. Nikamwambia maji hayasomi. Akacheka vizuri sana, kisha akasema niandike barua.

Nimeona niandike na haya pia, maana sina wa kuzungumza naye. Maisha yangu yote nimekuwa matroni wa shule za bweni, mwanamke wa kukohoa chumba kimoja na mabweni matatu yakanyamaza. Sasa uzeeni (dada yangu husema bado, ila dada yangu ni mwongo mwenye huruma) wizara imenileta kwenye nyumba ambayo kazi yangu ya kwanza ni kufunga mdomo. Ni nyumba salama. Wanaletwa hapa watu waliouzwa na watu wenzao, wakakombolewa, na sasa wanasubiri ama kurudi kwao ama kutoa ushahidi. Hakuna kibao mlangoni. Mapazia ya upande wa barabara hayafunguliwi. Geti lina kufuli, na ufunguo naulaza kifuani, mahali ambapo tangu mume wangu afariki hakuna mwingine mwenye safari ya kwenda.

Majirani wanajua natunza ghala la vitabu vya serikali. Dada yangu wa tumbo moja anajua hivyo hivyo. Ndiyo maana humu sitaandika jina la mtu wala la mahali.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Beseni linajitahidi.

Jumapili, 9 Machi

Dada amepiga simu. Akaniuliza ghala likoje. Nikasema kavu. Uongo mara mbili kwa neno moja.

Wamo watatu. Wawili ni marafiki waliookolewa pamoja, hawaachani hata kwenda kupiga mswaki. Hao wanasubiri tiketi tu. Wa tatu ni Msusi. Namwita hivyo kwa sababu ndiyo kazi aliyoisomea. Ni mwanamke mzima, si mtoto wa kudanganywa kwa pipi, na aliwahi kuwa na saluni yake yenye viti viwili. Mama mmoja aliyependeza, ambaye kila mtu anamwita Shangazi, alimwahidi kazi kwenye saluni kubwa nchi ya mbali. Mkataba aliuona, akausoma, akausoma tena. Akapanda ndege. Alipofika wakamchukua pasipoti, wakampa ufagio, na mlango ukafungwa nyuma yake miaka miwili.

Shangazi amekamatwa, na yuko nje kwa dhamana. Kesi ni mwezi Mei. Wengine wote waliopelekwa na Shangazi wameogopa. Msusi akisimama kizimbani, Shangazi anafungwa. Asiposimama, Shangazi anarudi kazini Jumatatu inayofuata. Hivyo ndivyo Afisa alivyoniambia, akinishika mkono kama vile nimekabidhiwa yai.

Basi sheria ni kali. Simu zao ziko kwenye kabati langu, na pasipoti pia. Hakuna kutoka ila kwa gari la Afisa. Hata kituo cha polisi cha jirani hakijaambiwa, kwa sababu nyumba kama hii iliwahi kuuzwa na askari wa kituo cha jirani. Nikaapishwa: nisiseme kwa yeyote asiye wa Kitengo cha Afisa pale wizarani, hata akiwa na nyota mabegani.

Jumamosi, 15 Machi

Leo Msusi amenisuka. Mimi sikuomba. Alikuwa ananitazama kichwa tangu asubuhi kama fundi anavyotazama ukuta uliopinda.

"Matroni, hizi nywele nani alikufanyia hivi?"

"Maisha."

"Basi kakae chini. Maisha nitayarekebisha."

Nikakaa kwenye mkeka katikati ya magoti yake, mvua inapiga bati, sufuria zinaita kwa zamu. Vidole vyake ni vyepesi mno. Alinionya kwamba mbele upara umeshabisha hodi, ila ataufungia mlango kwa mistari ya pembeni. Nilicheka mpaka akanipiga kitana: "Tulia wewe, mtoto gani huyu!" Ni muda mrefu hakuna mtu aliyenigusa kichwa. Nilifumba macho nikajifanya nasinzia ili asimalize haraka.

Alipomaliza akasema, "Haya, mama." Mama! Aliponikabidhi kioo nilisifia nywele kwa maneno mengi kuliko nywele zenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Mkutano wa mtaa. Serikali inapita kuelimisha umma namna ya kuitambua biashara ya watu, na mwalimu wa leo alikuwa nani? Afisa wetu mwenyewe, kwa kipaza sauti. Nilienda, maana matroni wa ghala asipohudhuria mkutano watu watasema anaringa. Tukatazamana na Afisa kama watu wasiojuana. Yeye aliweza, mimi nilitoka jasho.

Alieleza dalili. Nyumba yenye mapazia yaliyofungwa mchana na usiku. Watu wanaoingia kwa gari lakini hawaonekani kutoka. Mtu mmoja anayeshika simu na hati za wenzake. Akasema, msinyamaze, mripoti. Ukimwona mtu wa namna hiyo, mwulize maswali matatu tu: unaruhusiwa kutoka? Hati zako ziko kwa nani? Ungependa kuondoka?

Jirani yangu Fundi, yule mshonaji wa ukuta wa kulia, alinyoosha mkono. Huyu ni mwanamke mwenye sauti ya kuvunja karanga. "Afisa, na kama anayewafungia ni mtu mpole, anasalimia vizuri?"

Afisa akasema swali zuri sana. Wapole ndio hatari zaidi.

Nilipiga makofi kuliko watu wote.

Jumamosi, 22 Machi

Marafiki wawili wameondoka alfajiri. Walilia, nikalia, beseni likalia. Tumebaki wawili na mlinzi wa geti, ambaye husema "naam" tu.

Jumapili, 30 Machi

Nilikuwa dukani kununua mkate. Fundi alikuwepo, akanisogelea.

"Jirani, hilo ghala lako lina vitabu vingi?"

"Vingi, jirani yangu."

"Vya aina gani?"

"Vya... hisabati."

"Mbona hisabati yako inaanika chupi?"

Duka zima lilicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ni kweli inachekesha, na kwa sababu kama ningekuwa mtu huru huyu mwanamke angekuwa shoga yangu kuanzia siku ya kwanza. Nikasema chupi ni zangu. Akaupima upana wangu kwa macho ya kifundi, kuanzia kiunoni kwenda chini, na macho hayo hayakosei. Hakucheka tena.

Tangu leo kamba ya nguo imehamia ndani.

Jumatano, 2 Aprili

Msusi ameniuliza kama anaweza kufika dukani. Peke yake. Kununua nini? Hakuna, kufika tu na kurudi.

Nikamwambia, mwanangu, huko nje ni matope matupu, utarudi bila viatu. Nikamchekesha. Nikamkaangia mayai. Alikula, akasema asante, akaenda kulala saa kumi ya alasiri.

Nadhani ni hali ya hewa.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Msusi hazungumzi. Nimempikia uji, nimempikia supu, nimemwambia kisa cha mkuu wa shule aliyekaa juu ya keki. Sikupata hata tabasamu la kukopa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nitaandika polepole, nisiruke kitu.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mlinzi alikuwa ameenda chai. Geti likagongwa kwa kitu kigumu. Nikachungulia: askari wanne, Inspekta wa kituo, mwenyekiti wa mtaa na mwavuli wake, na nyuma yao Fundi, amelowa, amesimama kifua mbele.

"Fungua, mama."

"Hapa ni ghala la vitabu."

"Basi tumekuja kusoma," akasema Inspekta.

Ningefanyaje? Nimeapa. Nikampigia Afisa, simu imezimwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba wakati huo huo alikuwa jukwaani mtaa mwingine, anafundisha dalili.

Nikafungua. Wakaingia, wakaona mapazia. Wakaona kabati langu, wakanidai ufunguo, nikautoa kule unakolala, na askari kijana akageuka ukutani kwa heshima. Ndani ya kabati: pasipoti, simu. Inspekta akanitazama kama kitu kilichokutwa chini ya godoro.

Msusi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake. Nilimtazama. Niliwaza, haya, mwanangu, sema sasa, sema huyu ni mama yetu.

Inspekta alimwuliza kwa upole. Lazima niseme hivyo, alikuwa na upole wa kweli.

"Dada, usiogope. Unaruhusiwa kutoka humu?"

"Hapana."

"Hati zako ziko kwa nani?"

"Kwake."

"Na simu?"

"Kwake pia."

"Ungependa kuondoka?"

Mvua ilikuwa inagonga sufuria. Akanitazama usoni, bila chuki, ndilo lililoniumiza.

"Ndiyo," akasema. "Ningependa."

Hakuna hata neno moja la uongo.

Fundi alianza kupiga kelele: "Nilisema! Nilisema mimi! Tangu lini hisabati ikavaa saizi ndogo?" Nilipopitishwa getini nikiwa nimeshikwa mkono, mtaa mzima ulikuwa nje kwenye mvua. Wengine walizomea. Muuza duka, ambaye hunipa peremende kila nikinunua mkate, alitema mate chini.

Kituoni nilikaa kwenye benchi kati ya mwizi wa kuku na bwana mmoja mlevi aliyeniuliza nimefanya nini. Nikamwambia siwezi kusema. Akasema, "Basi ni kubwa," akasogea mbali nami. Mlevi!

Magharibi Afisa aliwasili na barua za wizara, viatu mkononi. Wakazungumza ndani. Inspekta alitoka akaniomba radhi kwa saluti. Nilimwambia hana kosa, alifanya alichofundishwa. Kisha nikaomba kwenda chooni na nikakaa humo kwa muda.

Ijumaa, 11 Aprili

Fundi amekuja kuomba msamaha. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo ameleta ndoo. Kubwa, ya bluu, na kifuniko chake.

"Shoga, nilidhani unawauza."

"Najua. Ungenyamaza ndipo ningekukasirikia."

Akaniambia ilikuwaje. Wiki iliyopita alipanda kwenye stuli, akachungulia ukutani, akamkuta Msusi uani anakusanya maji ya mvua. Akamwuliza yale maswali matatu. Akajibiwa yale majibu matatu.

"Hakukusema vibaya," akasema Fundi. "Nilimwuliza, anakupiga? Akasema hapana, ananikaangia mayai."

Jumatatu, 14 Aprili

Kikao sebuleni, Afisa na Msusi, mimi nikiwa mpishi wa chai. Siri imekwisha, maji yakimwagika hayazoleki, na wizara haina nyumba nyingine mpaka bajeti ijayo. Afisa alitaka kuongeza mlinzi na kufuli la pili.

Msusi akasema, "Basi sitoi ushahidi."

Afisa akaweka kikombe chini. "Dada yangu, tunakulinda."

"Hata kule waliniambia hivyo. Mjini kuna watu wabaya, kaa ndani, tunakulinda. Shangazi naye, siku naondoka, alinipikia. Aliniita mwanangu." Hakunitazama aliposema hivyo. "Mimi sijui tena kutofautisha mtu kwa sauti yake. Nampima kwa mlango wake."

Afisa akaeleza hatari, akaeleza habari ya shahidi mmoja aliyepigiwa simu mwaka jana akageuka, akakana ushahidi wake. Msusi akasikiliza yote.

"Yule mlimuuliza kwa nini aligeuka?"

Hawakuwa wamemuuliza.

Nilisimama na birika langu kama mshumaa wa sherehe iliyoahirishwa. Miaka yangu yote kwenye mabweni nimefunga milango ya watoto wa watu, na kila mmoja nilimwambia ni kwa faida yake. Labda ilikuwa. Lakini huyu si mtoto, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumkatia mkate kingo.

Alhamisi, 17 Aprili

Wamebishana makao makuu tangu Jumatatu. Afisa amepigana, nilikuwa namwona mtu wa barua tu, kumbe ana makucha. Leo amekuja na karatasi yenye mihuri mitatu: shahidi apewe simu yake, hati zake na ufunguo wa geti, akitoka aseme anakokwenda, akitaka.

Msusi alichukua ufunguo. Akatoka. Akafika dukani na kurudi. Mikono mitupu.

Nilikuwa nyuma ya pazia muda wote, nimeshika kifua kama bibi harusi aliyeachwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Habari za hali ya hewa: jua kidogo. Habari za moyo: wivu.

Sasa mtaa wote unanisalimia. Muuza duka amenipa peremende za fidia. Nina majirani, kitu nilichokililia tangu nije. Ila Msusi anashinda kwa Fundi. Asubuhi anafungua geti, anasema "Matroni, niko kwa Fundi," naye haniiti mama tena, na nasikia vicheko vyao juu ya ukuta, na wateja wanakuja kwa Fundi kushona wanatoka wamesukwa. Fundi anadai ameketi barazani kulinda geti letu. Kulinda! Analinda vicheko.

Nimepika kwa ajili ya wawili. Nimekula kwa ajili ya wawili. Nguo zangu hazijui kuficha siri.

Jumanne, 6 Mei

Leo amekuja mtu wa Shangazi.

Mwanamke nadhifu, na mkoba, alifika kwa Fundi akitaka kushona gauni. Msusi alikuwa kwenye kigoda anafumua nywele za mteja. Yule mwanamke akamsemesha taratibu: Shangazi anakusalimu. Shangazi amesikia mama yako mzazi amelazwa, hali ni mbaya, na yuko tayari kulipa hospitali yote. Kesi za nini kati ya ndugu? Siku ikifika, wewe sema hukumbuki.

Msusi alikauka. Fundi ananiambia alikuwa mweupe midomoni. Kisha akachukua simu yake, pale pale, akampigia mama yake. Mama alikuwa mtoni anafua, mzima wa afya, akamgombeza kwa nini anapiga simu mchana wakati bando ni ghali.

Huku nyuma Fundi hakulala. "Dada, tujaribu na hili gauni la mfano, nione mabega." Akamvika yule mgeni gauni ambalo bado ni vipande, akaanza kubana kwa pini, kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alipotaka kuondoka akaambiwa, "Taratibu, usivute, zitakuingia pabaya." Inspekta, aliyeitwa kwa simu na yule mteja, alimkuta amesimama wima katikati ya chumba, mikono imenyooka pembeni, hathubutu kupumua. Alipanda gari la polisi akiwa hivyo hivyo. Fundi anadai pini zake serikalini.

Nilicheka nao mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaingia ndani na sikucheka tena. Mwezi uliopita simu ile ilikuwa kabatini kwangu. Uongo ungemfikia tu, uongo huwa haukosi njia, kupitia ukutani au kwa mlinzi. Naye angekaa kitandani akimlilia mama yake aliye mzima, na mimi ningekuwa mlangoni na supu, namwambia kwa sauti tamu asihofu.

Jumatatu, 12 Mei

Kesho mahakamani. Amepiga pasi gauni lake mwenyewe. Nilitaka kumsaidia kola. Akasema, "Acha tu, Matroni."

Jumanne, 13 Mei

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na kilijaa unyevu wa makoti. Shangazi alivaa gauni la heshima, na alipotuona akatikisa kichwa kwa huruma, kama sisi ndio tulioshtakiwa. Nilielewa kwa nini watu walimfuata. Hata mimi ningemwomba ushauri wa ndoa.

Msusi alieleza yote kwa sauti ya kawaida. Mkataba, ndege, ufagio, mlango. Mara moja tu alisita, alipofika kwenye habari ya vidole vyake kuunguzwa kwa pasi ili asisuke tena. Mimi nilisukwa na vidole hivyo na sikuona chochote, kwa sababu nilifumba macho.

Kisha wakili wa Shangazi akasimama. Alikuwa amesikia habari za ule uvamizi.

"Ni kweli mshtakiwa alikuwa anakupa chakula, anakuita mwanangu?"

"Ni kweli."

"Na hapa nyumbani, serikali ilikuweka kwenye nyumba iliyofungwa?"

"Ni kweli."

"Wakachukua simu yako? Pasipoti yako?"

"Ndiyo."

"Ukawaambia polisi unataka kuondoka?"

"Niliwaambia."

Wakili akatabasamu, akamgeukia hakimu. "Basi, shahidi, tusaidie. Tofauti kati ya mshtakiwa na serikali ni ipi?"

Afisa alinishika goti. Wakili wa serikali alianza kuinuka, lakini Msusi alikuwa ameshafikiri.

"Kule niliposema nataka kutoka, nilipigwa," akasema. "Huku niliposema, walibishana siku nne. Halafu wakanipa ufunguo."

Hakuna aliyecheka. Hakimu aliandika kwa muda mrefu.

Nje tuliagana kwa kukumbatiana, naye akanishukuru kwa machozi. Zaidi sina la kuandika. Nimechoka.

Jumatano, 28 Mei

Hukumu imesomwa leo. Shangazi amefungwa. Waliokuwa juu yake, wale wa kule mbali wenye ofisi na vioo, hawakutajwa kwa kuwa hakuna anayewajua. Redioni wamesema ni ushindi wa jitihada za serikali, na sauti ya Afisa ikasikika akishukuru ushirikiano wa wananchi. Sikumsikia akisema kuhusu siku zile nne. Pengine walimkata.

Sasa ninaweza kumwambia dada yangu ukweli kuhusu kazi yangu, Afisa ameniruhusu kwa kiasi. Dada alishangaa sana, akauliza, "Na yule binti, mliagana vipi?" Nikamwambia kama nilivyoandika humu: alinikumbatia, akalia. Fundi naye nimemwambia hivyo. Nimelisimulia mpaka nimeanza kuliona.

Hakunikumbatia.

Ilikuwa hivi. Tulitoka mahakamani, mvua ilikuwa imekatika. Gari la Afisa lilikuwa linasubiri kuturudisha. Msusi akasema yeye harudi. Alikuwa na begi lake tangu asubuhi, nami nililiona nikadhani ni nguo za kubadilisha. Kuna saluni mji mwingine, mwenye saluni ni rafiki yake wa chuo, ameshaongea naye. Afisa akamuuliza maswali yake, akaridhika, akampa namba.

Mimi nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni. Ilikuwa inaanza na "mwanangu".

Alimpa Afisa mkono. Kisha akaja kwangu, akanipa mkono pia, mkono mkavu, na kwa mara ya kwanza nikauhisi ule ulaini usio wa kawaida kwenye ncha za vidole.

"Asante, Matroni," akasema, kama mtu anavyomshukuru karani aliyempa stakabadhi.

"Haya," nikasema. Hotuba nzima ikawa neno hilo.

Akavuka barabara. Nilisubiri ageuke. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto kwa ajili ya magari, akavuka, akaingia kwenye kundi la watu waliotoka kazini, na sikuweza tena kujua koti lake ni lipi. Afisa aliniuliza kama nalia. Nikasema vumbi. Mwezi wa mvua.

Kwa siku hizi zote nimemlaumu, kwa siri, kwa kutogeuka. Lakini leo, nikitandua kitanda chake kwa ajili ya watakaoletwa wiki ijayo, nimeona ni lazima niandike ilivyokuwa. Mwanamke mmoja aliondoka mahali, kwa miguu yake, mchana, bila kumwomba mtu ruhusa, bila kutazama nyuma kama anafuatwa. Serikali inanilipa mshahara ili hilo litokee. Limetokea, na mimi nilikuwepo, nimesimama ukingoni mwa barabara, mkono bado umenyooka.